Ulichanjwa Lini?

Kila aliyechanjwa dhidi ya UVIKO-19 kwa utaratibu aliambiwa asiondoke mara moja. Alioneshwa benchi au kiti cha plastiki, akatakiwa akae robo saa. Wengi walidhani ni mazoea ya hospitali zetu, kusubirishwa kwa ajili ya kusubirishwa. Wakachezea simu, wakapigana picha na plasta begani, na wenye haraka wakamkonyeza mlinzi wakapita. Lakini robo saa ile ilikuwa na kazi. Tarehe 8 Desemba 2020, siku Uingereza ilipoanza kuchanja umma kwa chanjo ya Pfizer, wahudumu wawili wa afya waliokuwa na historia ya mzio mkali walizidiwa muda mfupi baada ya sindano. Marekani nayo, kufikia tarehe 23 ya mwezi huo, ilikuwa imetoa dozi za kwanza karibu milioni 1.9, na watu 21 walikuwa wamepatwa na mzio wa kutishia maisha. Saba katika kila kumi kati yao, dalili ziliwaanza kabla robo saa haijaisha. Koo linabana, ngozi inavimba vipele, presha inashuka. Muuguzi anachukua adrenalini iliyoandaliwa mezani, anachoma pajani, na mara nyingi mambo yanatulia palepale.

Madhara ya namna hiyo hayana fumbo. Sindano, mgonjwa na muuguzi wako chumba kimoja. Shida huanza mtu anapoinuka kwenye benchi, akatoka getini, akapanda daladala na kurudi kwenye maisha yake, ambako kuna jua, mbu, madeni, maji ya kisima na maradhi mengine yasiyojua kwamba juzi alichanjwa. Kuanzia hapo, kutambua kama kinachomsumbua kimetokana na chanjo au la kunategemea swali ambalo katika vituo vyetu vingi haliulizwi: ulichanjwa lini?

Nitakaa kwanza na kisa kimoja, kwa kuwa sijaona kingine kinachoonesha vizuri zaidi jinsi utambuzi huu unavyofanyika hasa.

Machi 2021, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu mjini Oslo, Norway, walipokea wagonjwa watano ambao hawakupaswa kuwa wagonjwa. Walikuwa wahudumu wa afya wenye umri wa miaka 32 hadi 54, watu wazima wenye nguvu zao. Wengine walikuja na kichwa kinachopasuka, mmoja na maumivu ya mgongo. Vipimo vilionesha damu imeganda katika mishipa ambayo kwa kawaida haigandi damu: mishipa inayotoa damu kwenye ubongo, na kwa yule mmoja mishipa ya tumboni. Kikaonekana na kitu cha pili. Chembe sahani zao zilikuwa zimeshuka sana. Hizo ndizo chembe zinazoziba mshipa unapojeruhiwa, na zikipungua mtu hutarajiwa kuvuja damu, si kuganda. Kuyakuta yote mawili kwa mgonjwa mmoja ni kama kukuta nyumba imefurika na bomba limekauka. Watatu kati ya hao watano walifariki.

Nani angeunganisha? Kichwa na mgongo haviendi kliniki moja. Kilichowaunganisha wagonjwa hao kilikuwa tarehe. Wote walikuwa wamechomwa chanjo ya AstraZeneca, na wote waliugua kati ya siku ya saba na ya kumi. Norway ilikuwa imechanja watu wapatao 130,000 tu kwa chanjo hiyo, na ni nchi ambayo mtu akichanjwa jina lake linaingia kwenye rejista ya taifa siku ileile. Watano katika idadi hiyo, tena vijana kwa watu wa makamo, hawakuweza kufichika. Tarehe 11 Machi Norway na Denmark zilisimamisha chanjo hiyo.

Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Greifswald, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, profesa mmoja aitwaye Andreas Greinacher alikuwa akipokea sampuli za damu za wagonjwa wa Ujerumani na Austria. Greinacher hakuwa mtaalamu wa chanjo. Miaka yake mingi alikuwa ameitumia kuchunguza jambo adimu ambalo hata madaktari wengi hulipita haraka darasani: heparini, dawa inayotumika kuzuia damu isigande, kwa watu wachache hufanya kinyume. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini moja ya chembe sahani ikiwa imeshikamana na dawa hiyo. Kingamwili hizo huziamsha chembe, chembe zikashikana ovyo, damu ikaganda, na chembe zenyewe zikaisha. Wagonjwa aliotumiwa sampuli zao walikuwa na sura hiyohiyo, ila hawakuwa wamepewa heparini. Walikuwa wamepewa chanjo. Alipopima akazikuta kingamwili zilezile. Tarehe 9 Aprili 2021 jarida moja la tiba la Marekani lilitoa kwa pamoja taarifa yake na ile ya Oslo. Yake ilihusu wagonjwa 11, tisa wakiwa wanawake, walioanza kuugua kati ya siku ya 5 na ya 16. Sita walikuwa wamefariki.

Hata mwezi haukutimia tangu Norway isimamishe chanjo mpaka madaktari wa dunia nzima wakajua wapime nini. Wakajua pia wasifanye nini, na hili lina uchungu wake, kwa kuwa daktari yeyote anayeona damu imeganda mkono wake huenda wenyewe kwenye heparini. Wakashauriwa watumie dawa nyingine na kumpa mgonjwa imunoglobulini mapema. Agosti mwaka huo madaktari wa Uingereza walipotoa hesabu ya wagonjwa wao 220, waliofariki walikuwa asilimia 22. Bado ni wengi mno kwa familia zao. Lakini linganisha na sita katika 11, utaona kutambua peke yake, bila dawa yoyote mpya kuvumbuliwa, kulivyookoa watu.

Sasa kitoe kichwa hicho Oslo ukilete kwetu. Kenya ilianza kuchanja kwa AstraZeneca tarehe 5 Machi 2021, siku sita kabla Norway haijasimamisha. Tanzania ilianza na chanjo ya Janssen, ambayo, kama ile ya AstraZeneca, imejengwa juu ya kirusi cha kundi la adenovirusi. Marekani iliisimamisha tarehe 13 Aprili baada ya wanawake sita wa umri wa miaka 18 hadi 48 kupatwa na tatizo hilo katika dozi zaidi ya milioni 6.8, ikairudisha siku kumi baadaye ikiwa na onyo. Shehena yetu ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja, ilitua Dar es Salaam tarehe 24 Julai, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera. Sioni kosa katika uamuzi huo. Korona ilikuwa inaua, na hatari ile ilikuwa adimu kweli. Ninachouliza ni kimoja: mtu akiumwa kichwa siku ya nane, Tanga au Kilifi, nani angejua?

Tumfuate. Siku ya kwanza anameza panadol aliyonunua dukani. Siku ya pili anaongeza diklofenaki ya jirani. Ya tatu anakwenda zahanati, na pale anafanyiwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ndicho kipimo cha kwanza kwa kila kichwa na kila homa ya ukanda wetu, na ndivyo inavyopaswa. Kikisoma malaria, anapewa dawa ya mseto. Kisiposoma, ataambiwa ana UTI au taifodi, maana nchini kwetu homa isiyo malaria lazima iwe na jina kabla mgonjwa hajatoka chumbani, na majina yaliyopo ni hayo mawili. Akizidiwa anafika hospitali ya wilaya, anapimwa picha nzima ya damu, chembe sahani zinaonekana zimeshuka. Daktari anatikisa kichwa: dengue. Na ana haki ya kufikiri hivyo, kwa kuwa Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na ikaugua tena 2019, na kila aliyekuwa wodini miaka hiyo anakumbuka jinsi chembe sahani zilivyohesabiwa asubuhi na jioni. Malaria nayo huzishusha. Kwenye mashine ya CT-Scan mgonjwa huyu atafika akipata rufaa, akipata nauli na akiwa bado hai.

Hakuna mzembe katika safari hiyo. Kila mhudumu amefanya linaloeleweka. Hata hivyo mgonjwa amepita mikono minne, na hakuna aliyemuuliza alichanjwa lini, wala yeye mwenyewe hakuona sababu ya kusema, kwa kuwa chanjo ilikuwa wiki iliyopita, mkono ulishaacha kuuma, na kwenye benchi aliambiwa kwamba akipata homa siku mbili hizi asihofu. Alichoambiwa kilikuwa kweli, ila kiliishia siku ya pili.

Ripoti nyingi za tatizo hili zimetoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Wapo wanaozisoma hivyo kwamba miili yetu ilisalimika, na wanasayansi wana sababu za kudhani kwamba urithi una sehemu yake. Mimi nasoma humo pia uchache wa mashine, uchache wa maabara zinazopima kingamwili zile, na wingi wa homa zetu. Palipo na majani marefu nyoka huonekana kwa shida.

Kama mhudumu pale kwenye benchi angekuwa na dakika mbili za ziada, angeweza kueleza kalenda nzima. Mkono kuuma, homa ya usiku wa kwanza, uchovu, mwili kuvunjikavunjika: hizo ni kazi za kinga ya mwili, na huisha kwa siku mbili tatu. Mtoki kwapani upande ule uliochomwa nao ni wa kawaida. Huko Marekani mitoki hiyo iliwatia hofu wanawake wengi waliokwenda kupiga picha za matiti, mpaka wataalamu wakashauri waliochanjwa wasubiri wiki kadhaa ndipo wapige. Kwa chanjo za Pfizer na Moderna, kifua kinachouma au moyo unaokwenda mbio siku chache baada ya dozi ya pili, hasa kwa kijana wa kiume, ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Israeli ndiyo iliyoliona mapema: ilihesabu watu 275 waliovimba misuli ya moyo kati ya Desemba 2020 na Mei 2021, katika waliochanjwa zaidi ya milioni tano, wengi wao wakilazwa si zaidi ya siku nne. Kwa Janssen na AstraZeneca, kichwa kikali kinachoanza au kurudi kuanzia siku ya nne hivi hadi wiki ya nne, kisichosikia panadol, kikiandamana na macho kufifia, tumbo kukatika, mguu kuvimba, kupumua kwa shida au vidoa vyekundu vya damu mbali na pale palipochomwa, hicho kisingojee kesho. Miguu inayopoteza nguvu kuanzia chini kwenda juu huweza kuchelewa zaidi, hata wiki ya sita. Dakika mbili zinatosha kabisa kusema hayo.

Hofu ya wakubwa, naielewa, ilikuwa kwamba watu wakiambiwa yote haya watakimbia. Na watafikiri kila kinachowapata ni chanjo.

Hilo la pili lilitokea kweli. Mitaani kwetu chanjo ilisingiziwa magoti, macho, mimba zilizoharibika, ndoa zilizoharibika na nguvu za kiume zilizokuwa zimeanza kuyumba tangu enzi za Kikwete. Mzee mmoja wa kijiweni kwetu aliapa kwamba sukari yake ilipanda kwa sababu ya sindano, huku kikombe chake cha chai kikiwa na vijiko vinne. Tukicheka tusisahau ugumu wenyewe. Ukichanja watu wengi, siku yoyote ile baadhi yao wataugua, wataharibikiwa mimba, wataanguka na kufa, kama ambavyo ingetokea bila sindano. Mwaka 2009, dunia ilipokuwa ikijiandaa kuchanja dhidi ya mafua ya nguruwe, watafiti walifanya hesabu hiyo mapema. Ukichanja watu milioni kumi wa Uingereza, walisema, tarajia ndani ya wiki sita kuona karibu wagonjwa 22 wa Guillain-Barré, yaani kupooza kunakosababishwa na kinga kushambulia neva, na karibu watu sita watakaokufa ghafla, hata kama umewachoma maji matupu. Ukichanja wajawazito milioni moja, 397 mimba zao zitatoka siku inayofuata. Kila mmoja wa hao 397 atajua saa na tarehe ya chanjo yake, na hakuna takwimu itakayomfariji.

Na maji matupu yenyewe hayakuwa kimya. Watafiti wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston walikusanya majaribio 12 ya chanjo za korona, yenye washiriki zaidi ya 45,000, wakawatazama wale waliochomwa sindano isiyo na chanjo bila wenyewe kujua. Asilimia 35 yao walipata kichwa, uchovu na mengineyo baada ya dozi ya kwanza. Kwa makadirio yao, robo tatu ya maudhi ya mwili mzima yaliyoripotiwa baada ya dozi ya kwanza ya chanjo halisi yangetokea tu kwa kutarajiwa. Wengi waliitumia taarifa hiyo, ilipotoka Januari 2022, kuwaambia wagonjwa kwamba wanajitakia. Huo ni usomaji mbaya. Kichwa kinachotokana na hofu kinauma sawasawa na kingine. Taarifa hiyo haitoi ruhusa ya kumfukuza mtu mlangoni. Inasema tu kwamba neno lake peke yake halitoshi kuhukumu chanjo. Linatosha kabisa kufungua mazungumzo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya hedhi.

Tangu mwanzo wa 2021 wanawake walikuwa wakiambiana jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya wizara. Nilisikia saluni, nilisikia kwenye vikoba, na dada zetu walioko Muscat na London walikuwa wakisimuliana hayohayo kwenye simu: siku zimekuja mapema, damu imekuwa nyingi kuliko kawaida, mwingine alikwishakoma lakini kaona tena. Waliothubutu kumwambia daktari walijibiwa kwamba ni msongo wa mawazo. Majaribio makubwa ya chanjo hayakuwa yameuliza kuhusu hedhi. Joto la mwili waliuliza, mkono kuvimba waliuliza, ila jambo linalompata nusu ya binadamu kila mwezi halikupewa mstari kwenye fomu, na lisilo na mstari halihesabiki.

Mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Kathryn Clancy, alipata hedhi nzito baada ya chanjo yake mwenyewe, akasema hadharani Februari 2021, akashangazwa na wingi wa waliomjibu. Yeye na Katharine Lee wakaandaa dodoso, na taarifa yao iliyotoka Julai 2022 ilikuwa na majibu ya watu zaidi ya 39,000. Kwa wenye mzunguko wa kawaida, asilimia 42 walisema damu iliongezeka, asilimia 44 walisema haikubadilika. Dodoso la hiari huvuta zaidi wenye la kusema, na wao wenyewe walilieleza hilo. Lakini uchunguzi mwingine wa Alison Edelman wa Oregon, uliotumia kumbukumbu za mizunguko ya karibu watu 4,000 zilizoandikwa kabla na baada ya chanjo, ulithibitisha kwamba mzunguko ulirefuka kidogo, kwa wastani wa chini ya siku moja, na ukarudi. Oktoba 2022, kamati ya usalama ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ilipendekeza damu nyingi ya hedhi iongezwe kwenye orodha ya maudhi ya chanjo za Pfizer na Moderna.

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo, la kupita. Lingeweza kuelezwa kwa sentensi moja siku ya chanjo: mwezi huu huenda siku zako zikabadilika kidogo, usiogope. Badala yake mwanamke aliyeona jambo kwa macho yake aliambiwa hakuliona. Halafu akakutana na anayemwambia kwamba amelishwa dawa ya ugumba, na huyo, angalau, hakumwambia kwamba hakuona kitu. Fikiria wewe ungemwamini nani. Kenya ilikuwa imeshapitia uvumi wa ugumba mwaka 2014, katika kampeni ya pepopunda, na jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Hakuna utafiti uliokuta chanjo ya korona inazuia mimba. Ila uvumi ulikuwa umeshapata pa kukaa.

Hapa kwetu Tanzania siasa iliongeza uzito. Mwanzoni mwa 2021 serikali ilikuwa haitaki chanjo. Katikati ya mwaka huohuo ilizitaka sana. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, alizipinga kanisani na akaishia kwenye kamati ya maadili ya Bunge. Katikati ya wanaoapa kwamba chanjo ni salama asilimia mia na wanaoapa kwamba ni sumu, mtu aliyechanjwa kwa hiari, anayeamini chanjo, na ambaye mguu wake umekufa ganzi, hana pa kusimama. Akisema, wapinzani wa chanjo watamnyakua wamtembeze kama bendera. Wahudumu watamwona mchochezi. Basi ananyamaza. Nimezungumza na watu wa namna hiyo. Walikuwa wanataka kusikilizwa tu, wapimwe, waambiwe ni chanjo au si chanjo. Hata jibu la pili wangelipokea kwa furaha.

Afrika Kusini ilifanya tofauti. Agosti 2022 mamlaka yake ya dawa ilitangaza yenyewe kwamba mtu mmoja aliyechanjwa Janssen amefariki kwa Guillain-Barré, na kwamba wataalamu walipochunguza hawakupata sababu nyingine, hivyo kifo hicho kinahusishwa na chanjo. Mamlaka ya Marekani ilikuwa imeonya juu ya uwezekano huo tangu tarehe 12 Julai 2021, baada ya ripoti takriban 100 katika dozi milioni 12.5. Hiyo ni wiki mbili na ushei kabla Tanzania haijaanza kuchanja kwa chanjo hiyohiyo. Tangazo la Pretoria halikuivunja nchi. Lilisema nini kimetokea, kwa wangapi, na kwa nini bado chanjo inafaa kuliko ugonjwa wenyewe, ambao nao huleta damu kuganda, moyo kuvimba na neva kushambuliwa.

Si kwamba sisi hatuna pa kusemea. Mfumo wa dunia wa kukusanya madhara ya dawa ulianza mwaka 1968 na nchi kumi, baada ya janga la thalidomide, dawa ya kichefuchefu cha mimba iliyozalisha watoto wasio na mikono au miguu. Tanzania imo tangu 1993. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina fomu yake ya njano, na siku hizi ripoti hupelekwa hata kwa simu. Uzuri wa ripoti ya namna hii ni kwamba haimtaki anayeijaza awe na uhakika. Inataka shaka tu, tarehe ya chanjo, tarehe ya dalili na namba ya toleo. Kupambanua cha kweli na cha kusadifu ni kazi ya wengine, wenye ripoti elfu mbele yao. Muuguzi anayesita kuijaza kwa kuwa hana hakika amebeba kazi isiyo yake, na wapo wengi wanaosita kwa sababu nyingine: wanaogopa kwamba wataonekana wamechoma vibaya.

Kusita huko kuna bei. Mpango wa COVAX ulikuwa na mfuko wa fidia kwa nchi 92 zenye kipato cha chini na cha kati, zetu zikiwemo, kwa ajili ya watu wachache walioumizwa vibaya na chanjo zake, bila kulazimika kwenda mahakamani. Ili mtu aombe, mhudumu wa afya aliyesajiliwa alitakiwa ajaze sehemu yake ya ushahidi. Kwa hiyo mgonjwa wetu wa siku ya nane, ambaye jalada lake linasema dengue, hakuwa na cha kuomba. Familia yake isingejua hata kwamba dirisha lipo.

Kwenye kadi ya chanjo, pembeni ya jina la chanjo na tarehe, kuna namba ya toleo iliyoandikwa kwa kalamu, mara nyingi kwa mwandiko wa haraka. Wengi waliitumia kadi hiyo kupata cheti cha safari, kisha wakaitupa. Aliyenayo bado anaweza kuripoti, hata leo, hata mwenyewe, kwa kuwa TMDA na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya hupokea taarifa moja kwa moja kutoka kwa mgonjwa, bila barua ya daktari.